Ndege Kwenye Mkanda wa Harusi

Mama mkwe wangu, Bi Zakiya, hakupelekwa kwenye harusi ya mjukuu wake kwa sababu ya ndege.

Ndege mwenyewe ni mdogo, hapiti kidole gumba. Mama alisema anakuja kila siku saa mbili asubuhi, pale uani petu Ansab, hapa Oman, kwenye maua ya mshubiri ulio baina ya tangi la maji na mtungi wa gesi. Mweusi kama masizi, na akipigwa na jua anageuka zambarau. Akifika kwenye ua hatui. Anasimama hewani, anachovya mdomo, anakunywa, anaondoka. Mama akimwita chozi, na akisema kwao Bububu, Unguja, walikuwa wengi mpaka watu hawawatazami.

Saa mbili asubuhi nyumbani kwetu hapana mtu. Marhoon, mume wangu, yuko wizarani. Mimi niko maabara ya hospitali. Watoto wanne wako skuli. Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko, ua umejaa mpira, baskeli na nguo za kuanika, na ndege haji. Kwa hiyo shahidi alikuwa mmoja, na ana miaka sabini na minne.

Shemegi yangu Muhanna, mtoto mkubwa wa Mama, anakaa Al Amerat katika nyumba mpya. Kila Ijumaa anavuka milima na familia yake kuja kula kwetu. Siku aliyosikia habari za ndege aliweka kijiko chini. Alisema ndege anayesimama hewani mbele ya ua hayuko Oman, wala hayuko Unguja. Yuko kwenye visiwa vya huko Marekani, kwenye joto na misitu, amemuona kwenye televisheni kwa macho yake, na mpiga picha alikaa wiki tatu porini ili ampate. Kwa hiyo Mama ameona televisheni akadhani ni uani.

Mama hatazami televisheni. Huisikiliza akiwa jikoni, kwa ajili ya habari na adhana. Nilisema hivyo. Muhanna alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtu mwenye maslahi.

Na maslahi nilikuwa nayo, siwezi kukataa. Nyumba ya Ansab ni ya Mama. Muhanna alitaka ivunjwe, ijengwe ya ghorofa mbili, na Mama ahamie kwake Al Amerat, chumba cha juu, chenye kiyoyozi na zulia, kisicho na ua. Mama akiwa na akili zake, neno ni lake, na neno lake lilikuwa hapana. Akiwa hana akili zake, neno ni la mtoto mkubwa. Ushahidi wa Muhanna ulikuwa ndege huyo, na siku moja ambayo Mama alimwita Marhoon kwa jina la marehemu baba yake. Mimi huwaita wanangu majina yote manne mpaka nilifikie la yule ninayemtaka, na hakuna aliyekuja kunipima kiwanja.

Nilimpima Mama mwenyewe. Sukari, damu, mkojo. Majibu yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Harusi ilikuwa Januari mwaka tisini na saba. Aliyeolewa ni Hadeel, binti wa wifi yangu Mahbuba, wa Bawshar. Mahbuba ndiye mtoto wa kike pekee wa Mama, na kwa desturi mama akizeeka hukaa kwa binti, lakini Mahbuba alikuwa na mgongo. Mgongo huo ulianza mwaka ule ule ambao Muhanna alianza kuzungumza habari za ghorofa. Siku mbili kabla ya harusi Mahbuba alinipigia simu akasema wakwe ni wageni, na Mama akianza habari za ndege mbele yao itakuwa aibu. Tumwambie ukumbi una baridi kali, utamuumiza miguu.

Nilikataa kumwambia. Mahbuba akaja akamwambia mwenyewe. Mama alikuwa ameshona nguo, ya kijani, yenye nakshi kifuani. Aliitazama, akaikunja, akasema, "Haya. Mungu awape kheri." Usiku wa harusi alikaa na mwanangu mdogo Aseel, akamfundisha kusuka ukindu.

Ukumbini, upande wa wanawake, kamera zilizuiwa mlangoni, kama ilivyo. Wanawake wameacha vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza, na picha moja ikiponyoka inaweza kuvunja nyumba. Mimi niliruhusiwa kuingia na kamera ya Marhoon kwa sababu ni mke wa mjomba wa bi harusi, na kwa sababu Mahbuba alitaka picha. Nilipiga ishirini na mbili. Mkanda ni wa picha thelathini na sita. Mahbuba alinipigia simu kesho yake kuziulizia. Nilimwambia mkanda haujesha.

Hapo ndipo nilipokosea, ingawa nikiwa katika hali ile ile nitafanya vile vile. Mimi sitoi mkanda wenye nafasi ya picha kumi na nne bado ndani yake.

Mwisho wa Februari Muhanna alitangaza kwamba Ijumaa ya tarehe kumi na nne Machi, baada ya chakula, watoto wote wa Mama watakaa kikao, na fundi atakuja Jumapili yake. Nilihesabu siku. Nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi nikaomba ruhusa ya siku tatu. Kwenye fomu, mahali pa sababu, niliandika "ndege". Aliisoma, akanitazama, akatia saini.

Siku ya kwanza nilikaa uani kwenye kiti cha plastiki na kamera mkononi. Ndege alikuja. Wallahi alikuja, saa mbili na dakika tano, mweusi, mdogo, akasimama hewani mbele ya ua kama amefungwa uzi. Niliinua kamera, naye akaondoka. Nilipiga ukuta. Mama alikuwa dirishani.

"Nshakwambia," alisema. "Unajifanya kama polisi."

"Nifanyeje?"

"Usimfuate. Wewe kaa na ua. Yeye ndiye anayetaka ua, hakutaki wewe."

Mtu aliyesoma diploma miaka mitatu kuangalia vitu vidogo visivyotulia alipaswa kulijua hilo. Kwenye darubini hatumfuati mdudu, tunaweka kioo mahali pamoja tukangoja. Nilileta meza ya pasi, nikaishusha kimo mpaka ikalingana na ua refu kuliko yote, nikaifunga kamera juu yake kwa mkanda wa buibui langu la zamani. Nililenga lenzi kwenye ua, nikalifunga na shina lake kwenye kijiti lisitikisike. Halafu nikajifunika shuka, mimi na meza ya pasi, nikabakisha lenzi tu nje.

Mama alileta kiti chake akakaa nyuma yangu. Hakuruhusu nizungumze, lakini yeye alizungumza. Alinieleza kwamba mke wa Muhanna anapika wali kama uji. Alinieleza kwamba huyu ni dume, jike lake ni la rangi ya majani makavu na huwa linangoja kwenye mkunazi wa jirani. Alisema nisihemee puani.

Siku ya pili nilipiga picha sita. Nyingine sina hakika nilipiga nini. Mara mbili kivuli tu kilipita, mara moja paka. Kila kamera ilipolia, ndege aliruka, akarudi baada ya robo saa. Mama alisema ameshaanza kutuzoea, na ndege anayekuzoea ni heshima, kwao Bububu hawakuhitaji kamera, walimjua tu.

"Kwani Muhanna hakuwaona akiwa mtoto?" nilimuuliza.

"Muhanna akitazama chini. Akitafuta sarafu."

Siku ya tatu zilibaki picha saba. Saa tatu kasoro ndege alisimama mbele ya lenzi, karibu, mdomo ndani ya ua, na mimi nikabonyeza. Nilijua nimempata kabla sijaondoa kidole. Nilimalizia picha zilizobaki, mkanda ukajizungusha wenyewe ndani, nikatoka chini ya shuka nikiwa nimelowa jasho mwili mzima. Mama alinipa maji.

Jioni Marhoon alisema atapita Ruwi, kuna studio inasafisha mkanda kwa saa moja. Alishaunyoosha mkono. Nilikuwa nimeshamkabidhi, akawa anautia mfukoni, ndipo nikakumbuka yaliyo upande wa mwanzo. Wanawake ishirini na kitu, vichwa wazi, mikono wazi, wengine wake wa wakubwa zake wa kazi. Mkanda ule hauwezi kuingia kwenye mashine ya mwanamume yeyote, awe nani. Niliutoa mfukoni mwake mwenyewe.

"Si ukate," alisema Marhoon. "Nusu huku, nusu kule."

Nilimuuliza atakayekata gizani bila kukosea ni nani. Alikwenda kuswali.

Studio ya wanawake iko Al Khuwair. Mlango una pazia nene na kengele, na ndani yuko Bakhita, ambaye anasafisha picha zote za harusi za mji huu na hajawahi kusema neno moja la alichokiona. Watu humwogopa zaidi kuliko kadhi. Ilikuwa msimu wa harusi. Alisema wiki tatu. Nilimwambia nina siku tisa. Alisema kila mtu ana siku tisa. Nilimwambia habari yote, ya Mama, ya ghorofa, ya ukumbi, ya ndege, kwa sababu sikuwa na njia nyingine, na foleni nyuma yangu ikasikiliza. Bakhita alifikiri.

"Huyo ndege ni jike au dume?"

"Dume."

"Basi nitamsafisha nikiwa nimejifunika," alisema, akaandika jina langu juu ya orodha.

Alikuwa na sharti moja, na hajalivunja kwa mtu. Picha zote hutoka pamoja katika bahasha moja, bahasha imefungwa kwa gundi na imepigwa muhuri, na inafunguliwa nyumbani mbele ya wanawake. Kwake hapana kuchambua kaunta.

Alinipigia simu Ijumaa yenyewe, saa sita na robo mchana. Niliacha wali motoni nikamwambia Aseel autazame, nikaenda Al Khuwair na kurudi kwa dakika arubaini. Nilipoingia wanaume walikuwa wameshatoka msikitini na wamekaa, na wali umeungua chini. Niliweka bahasha juu ya friji. Nilikusudia tukimaliza kula niingie nayo jikoni, nitoe picha ya ndege peke yake, ndipo niilete.

Tulikula wali wa juu. Muhanna aliuliza kama jiko letu lina tatizo. Mahbuba alikaa ameegemea mito mitatu kwa ajili ya mgongo. Baada ya kahawa Muhanna alianza. Alizungumza vizuri, ana watu arubaini chini yake wizarani. Alisema hakuna anayemlaumu Mama, umri ni umri, na mtu akianza kuona visivyokuwepo leo ni ndege, kesho ni moto. Mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake ya Kiomani, ilijitokeza futi ya fundi ya kupimia.

Niliinuka nikasema nna picha. Nikaenda kwenye friji. Juu ya friji hapakuwa na kitu.

Mama alikuwa nayo mapajani. Alikuwa ameshaipasua kwa meno.

"Hizi za harusi," alisema baada ya kutazama ya kwanza. "Wanaume, geukeni."

Hapo hapana mjadala katika nyumba yoyote. Muhanna alikatiza sentensi yake, akageuka ukutani, na Marhoon naye. Ukutani kuna kalenda ya duka la matairi. Waliitazama.

Mama alisogeza picha karibu na uso, akaanza. Hakuharakisha.

"Huyu Aliya, wa Ghanima. Amekonda. Mama yake tulipanda naye meli moja kuja huku, akatapika mpaka Matrah. Huyu mke wa Yazan, mkufu huu si wake, wa dadake, niliuona kwenye arusi ya Ruba. Huyu Hadeel wangu. Mashallah. Hina wamemtia nani? Wamemharibu kidole hiki. Hawa wakwe?"

"Ndio, Mama," alisema Mahbuba.

"Huyu mnene ndiye mama wa bwana harusi. Anafanana na watu wa Chake. Bibi yake alikuwa akiuza udi."

Bibi wa yule mwanamke alikuwa kweli wa Chake, na kweli akiuza udi. Mahbuba alilijua hilo wiki moja kabla ya harusi, baada ya miezi saba ya uchumba.

Picha ishirini na mbili. Kila mwanamke jina lake, mama yake, mtaa waliotoka, nani aliachwa na nani akarudiwa. Muhanna alisoma kalenda mpaka Disemba. Nilimwona mara mbili akitaka kusema kitu, na mara mbili akakumbuka kwamba akisema itambidi ageuke.

"Huyu Mahbuba," alisema Mama. "Amefunga kanga kiunoni. Ameinama mpaka chini, mkono mmoja juu." Aliiweka picha juu ya goti akaisawazisha. "Mgongo umepona, alhamdulillahi."

Mahbuba alijitoa kwenye mito.

Ya mwisho ya harusi ilikuwa ya meza ya mbele, ya wazee wa bi harusi. Mama aliitazama muda mrefu kuliko zote.

"Hiki kiti chenye mikoba cha nani?"

Mimi ndiye niliyepiga picha ile na sikukiona kiti. Niliona mikoba.

"Chako, Mama," alisema Mahbuba. "Tulikuwa tumeshakipanga kabla."

"Nna nguo ya kijani," alisema Mama. "Iko pale kabatini. Ingelingana na hivi vitambaa."

Mahbuba alianza kulia, taratibu, bila sauti. Si mtu wa kulia, nimemjua miaka kumi na sita. Mama alimpa karatasi laini kutoka kwenye boksi, kisha akawaambia wanaume.

"Geukeni sasa. Hawa waliobaki ni ndege, hawana cha kufunika."

Waligeuka. Mama aliwapa moja moja. Ukuta. Ukuta na mtungi wa gesi. Paka. Ua peke yake. Ua peke yake. Kidole changu. Muhanna alizipokea kwa adabu na kuziweka kando, kama mtu anayepokea barua za kuomba kazi. Ya kumi na moja alibaki nayo.

Ilikuwa picha nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu kazi kubwa ilifanywa na meza ya pasi. Ua jekundu, mdomo mwembamba ndani yake, kichwa cheusi chenye mng'ao wa zambarau, mbawa kama moshi. Chini hewa tupu. Nyuma tangi letu la maji, lenye jina la Marhoon alilolipaka kwa rangi.

"Anaruka," alisema Muhanna mwishowe. "Hii haionyeshi kwamba amesimama. Kwenye picha hata ndege ya abiria imesimama."

Lazima niseme alikuwa na haki. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Mama hakukasirika. "Basi njoo kesho saa mbili."

"Kesho Jumamosi, Mama. Kazi."

"Kwenda kumtafuta fundi ulipata ruhusa."

"Mama hahami," alisema Mahbuba. Sauti yake ilikuwa bado imelowa. "Muhanna, hahami. Amemjua kwa picha bibi wa wakwe zangu, ambaye mimi nilimjua baada ya miezi saba. Na akihama atahamia kwangu, si kwako, na kwangu atahamia akitaka."

"Na mgongo?"

"Niache na mgongo wangu."

Muhanna alisema atafikiri. Aliaga, akachukua watoto wake, na picha ya ndege akaondoka nayo bila kuomba. Mahbuba alibaki mpaka Alasiri. Alizikusanya picha za harusi, akaniambia nilizipiga vizuri ila nilimkata Hadeel miguu katika mbili. Ile aliyoinama alitaka kuichana. Mama alikuwa ameshaikalia.

Jumamosi nilikwenda kazini saa moja na nusu, kama kawaida. Sikuwepo, kwa hiyo sina ninaloweza kulithibitisha. Niliporudi saa tisa Marhoon alikuwa ameshapigiwa simu wizarani. Kaka yake alimwambia amemwambia fundi asije Jumapili, wala Jumapili nyingine, na alipoulizwa kwa nini alisema ana mkutano.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilimuuliza kama amekuja.

"Amekuja."

"Nani, ndege au Muhanna?"

"Wote wawili."

Nilitoka uani kuanua nguo. Meza ya pasi ilikuwa mbele ya mshubiri, imeinuliwa kimo cha mtu mrefu. Juu yake palikuwa na shuka langu, limekunjwa, lakini limekunjwa vibaya, pembe kwa katikati, kama anavyokunja mtu ambaye maisha yake yote amekunjiwa.